Kurusha Mbali Si Kurusha Vizuri: Stori ya Kwotabeki na Mkono Wake

Kila mwaka ikifika Aprili, NFL ikikaribia kuchagua wachezaji wapya, simu yangu inajaa klipu za aina moja. Jamaa mrefu amevaa kaptula, hakuna beki hata mmoja mbele yake, anarudi hatua tano, anaachilia mpira, na mpira unapaa yadi 65 mpaka kamera inaupoteza. Watu wanapiga nduru. Wiki mbili baadaye timu fulani inamwaga mamilioni ya dola juu ya huo mkono.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ndio ukitaka kubisha ubishe ukijua. Nguvu ya mkono ni kitu ambacho timu za Marekani zimekinunua kwa bei ya juu kuliko thamani yake kwa zaidi ya miaka 50. Sisemi haina maana. Ina maana, na nitakuonyesha mahali inaokoa mechi. Shida yake ni kwamba inaonekana kwa macho, na kitu kinachoonekana kwa macho watu hukilipia haraka.

Kwa wale hamfuatilii huu mchezo: kwotabeki ndiye anayepewa mpira mwanzo wa kila shambulizi. Ana kama sekunde tatu hivi kabla majamaa wa kilo 130 wamfikie. Ndani ya hizo sekunde anasoma mabeki wamejipanga vipi, anaamua nani atakuwa wazi (si nani yuko wazi sasa, atakuwa wazi), halafu anarusha. Mkono unaingia kazini mwisho kabisa. Hata ile nguvu yenyewe haitoki kwa mkono, inaanza kwa miguu na kiuno. Muulize yeyote aliyemfuatilia Julius Yego akijifunza mkuki kwa YouTube mpaka akarusha mita 92.72 kule Beijing 2015. Mkono ni ncha tu ya kiboko.

Sasa hesabu kidogo, usikimbie. Kwotabeki wa kawaida wa NFL anarusha mpira kwa spidi ya karibu kilomita 80 kwa saa, yaani matatu yenye gavana inayofanya kazi. Josh Allen wa Buffalo alipopimwa 2018 kabla ya kuchaguliwa alifika maili 62 kwa saa, ambayo ni kama kilomita 100. Chukua pasi ya mita 35, zile zinazotumwa kutoka upande mmoja wa uwanja hadi kwa laini ya upande mwingine. Tukisahau upepo, mpira wa kilomita 80 unafika baada ya sekunde 1.57 hivi. Ule wa kilomita 100 unafika kwa sekunde 1.26. Tofauti ni thuluthi moja ya sekunde. Inaonekana ndogo, lakini beki wa NFL anakimbia mita 8 kwa sekunde bila shida, kwa hivyo hapo umempa mita mbili na nusu za bure. Mita mbili na nusu ni tofauti kati ya pasi iliyofika na pasi iliyonaswa na kurudishwa mpaka kwenu.

Kwa hivyo mkono una kazi. Lakini angalia tena hiyo hesabu. Mtu mwenye mkono wa kilomita 80 akiachilia mpira thuluthi ya sekunde mapema, kwa sababu amejua mpokeaji atageukia wapi kabla hajageuka, mpira unafika wakati ule ule. Akili inanunua kile mkono umekosa. Historia yote ya hii nafasi, kwa maoni yangu, ni watu wakigundua hilo, wakisahau, wakigundua tena.

Mwanzoni hakukuwa hata na pasi ya mbele. Mchezo ulikuwa kusukumana na kukanyagana, vijana wa vyuo wakifa uwanjani, hadi Rais Theodore Roosevelt akawaita wakubwa wa vyuo Ikulu mwaka 1905 kuwaambia watengeneze huo mchezo. Pasi ya mbele ikaruhusiwa 1906. Septemba mwaka huo Bradbury Robinson wa Chuo Kikuu cha Saint Louis akarusha ile inayohesabiwa kuwa ya kwanza halali, na ikaanguka chini bila kuguswa. Kwa sheria za siku hizo hiyo ilimaanisha unawapa wapinzani mpira. Adhabu kama hiyo ikikuning'inia kichwani, utarusha mara ngapi?

Na mpira wenyewe ulikuwa mnene, karibu kama tikiti dogo. Hakuna mkono ungeufanya uruke vile tunaona leo. Ulipunguzwa mwili miaka ya 1930, na ule wa 1934 ndio unaanza kufanana na huu wa sasa. Mwaka 1933 NFL ilikuwa tayari imeruhusu kurusha kutoka popote nyuma ya laini. Halafu 1937 Sammy Baugh akaingia Washington na kuchukua ubingwa mwaka wake wa kwanza. Unaona mpangilio? Sheria na umbo la mpira vilitangulia. "Mkono mkali" kama kipaji cha kutafutwa ni mtoto wa mpira mwembamba.

Miaka ya 1960 ndipo mapenzi yakakolea. Joe Namath wa Jets akawa wa kwanza kufikisha yadi 4,000 kwa msimu mmoja, 1967. Al Davis kule Oakland akajenga timu nzima juu ya wazo kwamba mpira urushwe mbali, na ukishindwa urushwe tena mbali. Ilikuwa raha kutazama, na ilileta vikombe. Kila timu ikaanza kutafuta mkono wake.

Cincinnati waliupata. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu kwangu hii ndiyo stori kubwa kuliko zote na watu wengi hawaijui.

Greg Cook alikuwa kijana wa hapo hapo, Chuo Kikuu cha Cincinnati, akachaguliwa na Bengals 1969 akiwa wa tano. Mrefu, mtulivu, mkono wa kutisha. Mechi zake mbili za kwanza alishinda. Ya tatu dhidi ya Kansas City alishinda pia, lakini akaangushwa vibaya na bega likaumia. Tiba ya bega siku hizo haikuwa ya leo. Hawakujua misuli ya ndani imechanika. Alipumzika mechi chache, akarudi, akacheza na maumivu msimu uliobaki, na bado akamaliza akiwa na wastani wa yadi 9.4 kwa kila pasi aliyorusha. Hiyo ni namba ya kichaa hata leo. Halafu bega likakataa kabisa. Baada ya huo msimu alionekana kwa mechi moja tu, 1973, na ikawa basi. Msaidizi wa kocha aliyekuwa akimfundisha, Bill Walsh, alisema miaka mingi baadaye kwamba Cook angeweza kuwa mmoja wa wakubwa kabisa wa wakati wote.

Kwa hivyo 1970 Walsh anabaki na kitabu cha mbinu kilichoandikwa kwa ajili ya mkono ambao haupo tena. Aliyeletwa badala yake ni Virgil Carter, jamaa aliyekuwa amekosa nafasi ya kudumu Chicago. Mkono wa kawaida, na hapo nimempendelea. Pasi za mbali hana. Lakini anaona haraka, miguu iko sawa, na mpira wake unafika pale alipokusudia.

Na sikia hii. Carter alikuwa msee wa hesabu. Mwaka 1971, akiwa bado mchezaji, yeye na profesa Robert Machol walichapisha makala kwenye jarida la kitaaluma wakikadiria kila sehemu ya uwanja ina thamani ya pointi ngapi ukiwa na mpira pale. Leo kila timu ina ofisi nzima ya vijana wenye kompyuta wakifanya hiyo kazi. Huyu aliianza akiwa na jezi mgongoni.

Walsh alifanya kitu ambacho makocha wachache hufanya. Badala ya kulia kwamba hana mkono, aliuliza: mkono huu unaweza nini? Uwanja una upana wa yadi 53 na ushei. Timu zote zilikuwa zinafikiria urefu. Walsh akafikiria upana. Pasi fupi, nyingi, za pembeni, kila moja ikiwa na saa yake: kwotabeki akirudi hatua tatu mpira uko hewani, akirudi tano mpira uko hewani, na mpokeaji anajua awe wapi mguu wa mwisho ukigusa chini. Mpokeaji anaupata akiwa mbioni, kazi ya kukimbia inabaki yake.

Bengals walianza 1970 kwa kushinda mechi moja na kupoteza sita. Halafu wakashinda saba mfululizo na kuchukua kundi lao, timu ya miaka mitatu tu tangu izaliwe. Mwaka uliofuata Carter, huyo huyo wa mkono mwepesi, akaongoza ligi kwa asilimia ya pasi zilizofika. Kocha mkuu Paul Brown alipostaafu ukocha mwanzoni mwa 1976, wengi walidhani kiti ni cha Walsh. Brown akampa mwingine. Walsh akaondoka na kile kitabu.

Kikafika San Francisco 1979. Walsh akiwa kocha mkuu, akamchagua kijana wa Notre Dame ambaye timu zingine zilikuwa zinanong'ona kwamba hana mkono. Wachezaji 81 walichaguliwa kabla yake. Aliitwa Joe Montana. Akachukua Super Bowl nne, na mbili kati ya hizo alizichukua dhidi ya, kisia nani, Cincinnati. Ile ya Januari 1982 iliisha 26 kwa 21. Ile ya Januari 1989 ilikuwa 20 kwa 16, na Montana alianzia yadi 8 za kwake zikiwa zimebaki dakika tatu na ushei, akaenda yadi 92 kipande kwa kipande, hadi zikibaki sekunde 34 John Taylor akadaka ile ya ushindi. Brown bado alikuwa ndiye mwenye usukani wa Bengals. Sijui mtu hulala vipi baada ya hapo.

Kuwa mkweli ni muhimu hapa: sheria zilimsaidia Walsh sana. 1978 NFL ilipiga marufuku mabeki kuwasukuma wapokeaji baada ya yadi 5 za kwanza. Pasi ya saa haiwezi kufanya kazi kama mpokeaji wako anabebwa njiani kama gunia. Bila hiyo sheria pengine leo Montana tungemjua kama jamaa mpole aliyekuwa na macho mazuri.

Sasa wale wa mkono. 1983 ilikuwa drafti ya kwotabeki (si ile drafti ya visoda tunayocheza kwa benchi). Sita walienda raundi ya kwanza. Wa kwanza kabisa alikuwa John Elway, ambaye mpira wake ulikuwa unaacha alama ya msalaba kifuani kwa wapokeaji. Ncha ya mpira ina mishono inayokutana, na spidi ilikuwa ya kuchora ngozi. Wa mwisho kati ya hao sita alikuwa Dan Marino. Watu humkumbuka Marino kama mkono mkali, lakini rudi uangalie. Kitu chake kilikuwa haraka ya kuachilia. Mpira ulikuwa sikioni, ukaondoka, beki bado anafikiria. 1984 alirusha yadi 5,084 na pasi 48 za alama, rekodi iliyokaa miaka 20. Akafika Super Bowl, akakutana na Montana, akapigwa 38 kwa 16, na hakurudi tena.

Elway naye alipoteza Super Bowl tatu kabla hajashinda mbili mwishoni. Na alipozishinda, alikuwa mzee wa ligi, akipokeza mpira kwa Terrell Davis akimbie nao. Mkono wa 1983 ulisubiri miguu ya mtu mwingine 1998.

Moja kati ya hizo tatu alizopoteza inanileta kwa kitu ambacho ndicho hasa kilinifanya niandike.

Januari 31, 1988, aliyekuwa upande wa pili wa Elway ni Doug Williams wa Washington. Denver wakatangulia 10 kwa 0. Williams akaumia goti robo ya kwanza, akatoka, akarudi. Halafu robo ya pili akarusha pasi nne za alama, na timu yake ikafunga pointi 35 ndani ya hiyo robo moja. Mechi ikaisha 42 kwa 10. Williams alimaliza na yadi 340 na tuzo ya mchezaji bora, kwotabeki Mweusi wa kwanza kuanza na kushinda Super Bowl. Elway siku hiyo alinaswa mara tatu.

Jiulize kwa nini ilichukua mpaka 1988. Kwa miaka mingi kwotabeki Mweusi wa chuo akija NFL aliambiwa ahame. Awe mpokeaji, awe beki. Marlin Briscoe alianza mechi kadhaa Denver 1968, akacheza vizuri, mwaka uliofuata hana nafasi, akawa mpokeaji Buffalo. Warren Moon alikuwa mchezaji bora wa Rose Bowl Januari 1978, na kwenye drafti ya miezi michache baadaye hakuna timu iliyomwita. Akaenda Canada, Edmonton, akachukua kombe lao miaka mitano mfululizo, ndio NFL ikakumbuka namba yake ya simu. Leo yuko kwenye Ukumbi wa Mashujaa.

Na hawa watu walisifiwa sana, hiyo ndiyo sehemu inayouma. Walisifiwa mikono. "Mkono wa ajabu", "mwili wa ajabu", "kipaji cha kuzaliwa". Maneno ya mwili. Wale wengine walisifiwa "kusoma mchezo", "uongozi", "utulivu". Maneno ya kichwa. Williams alikuwa na mkono kweli, kila mtu alikubali. Lakini ukisema mtu ni mkono tu umeshasema kichwa hakipo, na kazi ya kwotabeki ni kichwa. Williams aliifikisha Tampa Bay, timu iliyokuwa kichekesho cha ligi, hadi mechi moja kabla ya Super Bowl msimu wa 1979, huku akilipwa chini ya baadhi ya kwotabeki wa akiba wa timu zingine. Alipoomba nyongeza wakashikilia pesa zao. Akaondoka. Msimu uliofuata bila yeye Tampa walishinda mechi 2 na kupoteza 14.

Sisi Wakenya hii lugha tunaijua, msijifanye. Mkenya akishinda mbio, mtangazaji anaongea kuhusu milima ya Iten na miguu myembamba. Mzungu akishinda, ghafla ni mbinu, ni maandalizi, ni akili ya kugawa nguvu. Kama mwili wako ndio maelezo ya kila kitu, basi hukufanya kazi yoyote, ulizaliwa tu. Kwa hivyo nikisikia mtu anasifu mkono wa kwotabeki na kuishia hapo, masikio yanasimama. Lamar Jackson alichaguliwa wa mwisho kwenye raundi ya kwanza 2018 huku wataalamu wengine wakisema ahame awe mpokeaji. Amekuwa mchezaji bora wa ligi mara mbili tangu hapo, akiwa kwotabeki.

Haya, turudi kwa hasara za pesa, hizi ni za haraka. JaMarcus Russell, 2007, wa kwanza kuchaguliwa, na mchaguzi alikuwa Al Davis yule yule wa pasi za mbali. Russell alikuwa anasifika kwamba akipiga magoti anarusha mpira yadi 60. Magoti! Hebu niambie ni mechi gani kwotabeki amecheza akiwa amepiga magoti. Raiders walimpa mkataba wenye zaidi ya dola milioni 30 za uhakika, alianza mechi 25, akashinda 7, akaachiliwa 2010 akiwa na miaka 24. Kuna pia Ryan Leaf, wa pili 1998. Kabla ya hiyo drafti kulikuwa na mjadala mkali kati yake na yule wa kwanza, na moja ya hoja za upande wa Leaf ilikuwa mkono. Yule wa kwanza alikuwa Peyton Manning.

Na Manning ndiye aliyetupa jaribio bora la hii hoja, ingawa si kwa hiari yake. 2011 hakucheza hata mechi moja. Shingo ilipasuliwa zaidi ya mara moja, mishipa ya fahamu inayoenda mkono wa kulia ikadhoofika, vidole vikapoteza hisia. Colts wakamwachilia. Akaenda Denver, ambako bosi aliyemsaini alikuwa John Elway. Mwenye mkono mkali kuliko wote wa kizazi chake akamsaini mtu ambaye pasi zake zilikuwa zinayumba hewani kama ndege aliyepigwa feya. Mwaka 2013 Manning akarusha yadi 5,477 na pasi 55 za alama, msimu mkubwa kuliko wowote uliowahi kuandikwa. Kwa mkono nusu.

Lakini usiruke na hiyo bado. 2015 mkono ukashuka tena, na hapo ndipo kuna sakafu. Pasi 9 za alama, 17 zilizonaswa, akawekwa benchi kwa wiki kadhaa. Kichwa kilikuwa kile kile, pengine kizuri zaidi. Aliona kila kitu, ila mpira ulikuwa unachelewa. Alishinda Super Bowl msimu huo, kweli, akirusha yadi 141 tu huku ulinzi wa Denver ukimbeba mgongoni. Kwa hivyo kuna kiwango ambacho mkono ukishuka chini yake, akili haikuokoi. Chad Pennington aliishi juu kidogo ya hiyo sakafu miaka yake yote. Bega lilipasuliwa tena na tena, mkono mwepesi, na bado 2008 aliichukua Miami iliyokuwa imeshinda mechi moja mwaka uliotangulia akaipa ushindi 11. Siku za upepo ndizo zilimtesa. Upepo hauheshimu usomaji wako wa mchezo.

Sasa mtaniambia Josh Allen, na mko sahihi kuuliza. Yeye ndiye kesi ngumu kwa watu kama mimi. Chuoni Wyoming pasi zake zilifika kwa asilimia 56 hivi, namba ya kuogopesha. Msimu wake wa kwanza NFL, 2018, asilimia 52.8. Wapenzi wa takwimu walisema huyu ni Russell mwingine, kwa sababu iliaminika mkono unaweza kufundishwa vitu vingi lakini si shabaha. Akajenga upya miguu na kiuno chake, mwendo mzima wa kurusha, na 2020 akafika asilimia 69.2. Msimu wa 2024 akawa mchezaji bora wa ligi. Kwa hivyo wale waliomchagua kwa mkono walishinda bahati nasibu? Mimi nasema walinunua malighafi na kijana mwenyewe akajenga kiwanda. Bado kila timu inayomfuata ikitafuta "Allen wetu" inasahau kwamba yeye ni mmoja, na wale wengine wenye mikono kama yake unawapata kwenye maswali ya kumbukumbu za michezo. Logan Thomas alikuja 2014 na mkono wa kutisha. Aliishia kuwa mpokeaji, tena mzuri.

Na Patrick Mahomes? Nenda uangalie Super Bowl ya Februari 2020, robo ya nne, Kansas City wako chini 20 kwa 10, wanahitaji yadi 15 kwa jaribio la tatu. Mahomes anarudi nyuma, nyuma, nyuma zaidi kuliko kocha yeyote angependa, anaachilia mpira unaosafiri zaidi ya yadi 50 hewani hadi kwa Tyreek Hill. Yadi 44, mchezo ukageuka, wakashinda 31 kwa 20. Montana asingerusha hiyo kutoka pale. Hapo mkono ulikuwa kila kitu.

Ila kocha wake ni Andy Reid, aliyefundishwa kazi na Mike Holmgren, aliyefundishwa kazi na Bill Walsh. Kile kitabu kilichoandikwa upya kwa sababu bega la Greg Cook lilichanika, kikatengenezwa kumficha mtu wa mkono mwepesi, leo kiko mikononi mwa jamaa anayeweza kurusha popote kutoka popote. Februari 2024 Mahomes alikutana Super Bowl na Brock Purdy wa San Francisco, timu ya Montana, mtu wa mwisho kabisa kuchaguliwa 2022, namba 262, mkono ambao hakuna aliyewahi kuutengenezea klipu. Walitoshana nguvu hadi muda wa ziada. Mahomes akashinda 25 kwa 22, na pasi iliyomaliza kazi ilikuwa ya yadi 3.

Tukiwa hapo, 2028 Los Angeles mchezo huu unaingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, ule wa bendera kiunoni, watano kwa watano, wanaume na wanawake, bila kuangushana. Ukiona kocha mtaani anapanga vijana kwenye laini kupima nani anarusha mbali zaidi, mwambie uwanja wa huo mchezo una yadi 50, ukiongeza maeneo ya kufungia pande zote mbili ni 70. Timu huanzia yadi 5 za kwake. Kijana wake wa yadi 70 atakuwa anatoa mpira nje.